Aliyetangulia na Aliyechelewa: Subira ya Wenye Hisa Katika Kampuni Changa



Hivi karibuni tuliitwa kwenye mkutano wa kikundi kimoja hapa Namboboto. Jina lake hatutalitaja, na hesabu zake tumezilainisha kidogo ili zieleweke na zisimwaibishe mtu. Tuliwakuta watu 35 wamekaa pande mbili. Upande huu wazee na akina mama wa siku nyingi. Upande ule vijana wa bodaboda na walimu waliojiunga mwaka jana. Hoja ilikuwa moja tu: kampuni iuzwe watu wagawane, au isiuzwe?

Kampuni yenyewe ni ndogo. Ina visiagi viwili na stoo ya kuhifadhi mahindi na mtama. Watu 20 waliianzisha miaka 11 iliyopita, na watu 15 wakaongezeka mwaka jana.

Mama mmoja wa wale wa kwanza alisimama akasema: "Nimengoja miaka 11. Nilipoingia nilikuwa na nguvu zangu. Sasa mjukuu ameitwa shule ya bweni na mimi sina kitu mkononi. Mnaniambia subira, subira. Subira yangu imekwisha."

Kijana wa bodaboda naye akajibu: "Mama, mimi nilikopa kwa simu ninunue hisa 10, nikalipa shilingi 20,000. Wewe ulilipa 10,000 ukapata hisa 20. Mgao wa mwaka umekuja, nimepata 2,000 peke yake na wewe 4,000. Haki iko wapi hapo?"

Jamani, hao wote wawili walikuwa na machungu ya kweli. Kumbe pia hakuna hata mmoja aliyekuwa amefanyiwa hesabu. Tumeona tuyaeleze mambo haya hapa, kwa sababu vikundi vingi kutoka Funyula hadi Bumala vinaelekea njia hiyo hiyo: vinaanza kama chama cha kuchangishana, kisha vinaandikisha kampuni, halafu wanakuja wageni na ugomvi unaanza.

HISA NI NINI HASA?

Hisa ni kipande cha kampuni. Mwenye hisa hakuikopesha kampuni pesa, kwa hiyo hawezi kuja kesho aseme "nirudishieni". Yeye ni mwenye mali pamoja na wengine. Kampuni ikinenepa, kipande chake kinanenepa. Ikikonda, kinakonda. Ikifa ina madeni, wenye madeni wanalipwa kwanza, na mwenye hisa anapata makombo kama yamebaki.

Hapo ndipo kampuni inapotofautiana na ushirika. Katika chama cha ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Katika kampuni kwa kawaida kila hisa ni kura, na mwenye hisa 20 ana sauti mara mbili ya mwenye 10. Tena kwa Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015, kampuni ya watu binafsi haipaswi kuzidi wanachama 50, na mgao hutolewa kutoka kwenye faida peke yake. Viongozi wakiwagawia watu mtaji na kuuita mgao, hapo wanakula mbegu.

KWA NINI ALIYECHELEWA ALILIPA ZAIDI?

Hebu tufuate hesabu polepole.

Wale watu 20 wa kwanza walinunua hisa 20 kila mmoja, kwa shilingi 500 hisa moja. Jumla ni hisa 400 na shilingi 200,000. Wakanunua kisiagi cha dizeli. Kwa miaka mingi hawakugawana kitu. Kila faida iliyopatikana ilirudi kazini: ikawa kisiagi cha pili, ikawa mabati ya stoo, ikawa mizani.

Mwaka jana, walipotoa madeni yote, mali ya kampuni ilihesabiwa ikawa shilingi 800,000. Gawanya kwa hisa 400. Kila hisa ilikuwa imefika 2,000.

Ndipo wakaja wageni 15, kila mmoja akanunua hisa 10 kwa bei hiyo. Waliingiza shilingi 300,000. Sasa mali ikawa 1,100,000 na hisa zikawa 550. Gawanya tena: 2,000 ile ile. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake hata ndururu.

Sasa chukua kwamba wageni wangeuziwa kwa bei ya zamani ya 500. Wangeleta 75,000 tu. Mali ingekuwa 875,000, na kila hisa ingeshuka mpaka karibu 1,590. Yaani wale wa kwanza wangepoteza zaidi ya shilingi 400 kwa kila hisa, na wageni wangevuna jasho lisilo lao. Na kama wangeuziwa kwa 4,000, ni wageni ambao wangeumia siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo yule kijana hakuibiwa. Alilipa zaidi kwa sababu alinunua kitu kilichokwisha kusimama. Mama alilipa kidogo kwa sababu alinunua wazo tu, na wazo hilo lingeweza kufa mwaka wa kwanza mashine ikikatika mkanda na pesa ya kununua mwingine haipo.

MGAO HAUULIZI ULIKUJA LINI

Wengi wetu tunaujua mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, walioajiriwa asubuhi na walioajiriwa jioni, wakalipwa sawa. Wale wa asubuhi walinung'unika. Katika kampuni, mgao wa kila mwaka unafanana na malipo yale: hisa moja ya mtangulizi hupata sawasawa na hisa moja ya aliyekuja jana. Thawabu ya aliyetangulia iko katika bei ndogo aliyonunulia, na katika hisa zake nyingi.

Mwaka huu kampuni ilipata faida ya 220,000. Mkutano ulikubali nusu igawiwe na nusu ibaki. Nusu ya kugawa ni 110,000, yaani shilingi 200 kwa kila hisa. Ndiyo maana mama akapata 4,000 na kijana 2,000.

Lakini ile nusu iliyobaki ilikwenda wapi? Haikupotea. Iliingia katika mali, ikapanda kutoka 1,100,000 hadi 1,210,000. Kila hisa sasa ni 2,200. Kijana ana 2,000 mfukoni na nyingine 2,000 ndani ya kampuni. Kwa mtaji wa 20,000 katika mwaka mmoja, hilo si jambo la kulilia. Tatizo lake lilikuwa mahali pengine: deni la simu linadai kila mwezi, na hisa hutoa mara moja kwa mwaka. Alipanda muhogo akitaka kuuvuna kama sukuma wiki.

WALIONGOJA NA WAKAONA: EQUITY

Tuchukue mfano wa wakubwa, ambao Wakenya wote wanaujua.

Equity ilianza mwaka 1984 huko Kangema, Murang'a, kama chama cha ujenzi wa nyumba, si benki. Mwaka 1993 Benki Kuu ya Kenya iliikagua ikaikuta imefilisika kwa hesabu. Zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. Hasara iliyolimbikana ilikuwa kama shilingi milioni 33, na mtaji uliolipwa ulikuwa milioni 3 tu. Ungekuwa na hisa pale mwaka huo, jirani angekucheka.

Basi waliitengeneza namna gani? James Mwangi aliingia, na wafanyakazi wakaombwa kununua hisa kwa sehemu ya mishahara yao. Wateja nao wakaombwa hivyo hivyo. Wakaacha kukimbilia mikopo mikubwa ya nyumba, wakageukia mkulima wa chai, mama wa soko, mtu wa akiba ndogo. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 10. Mwishoni mwa 2004 walipata leseni ya benki kamili, na Agosti 2006 hisa zikaanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2007 kampuni ya uwekezaji ya Helios ilinunua karibu robo ya benki kwa kama shilingi bilioni 11. Mwaka 2009 kila hisa ikagawanywa kuwa 10.

Angalia watu watatu. Wa kwanza alinunua miaka ya tisini wakati watu wanakimbia. Subira yake ilikuwa ya kuvumilia aibu na hofu. Wa pili aliingia 2006. Yeye alikuta nyumba imejengwa, akalipa bei ya nyumba. Wa tatu aliingia baadaye zaidi, akakutana na mwaka 2020. Mwaka huo benki ilikuwa imetangaza mgao wa shilingi 2.50 kwa hisa, kisha ikaurudisha nyuma kwa sababu ya korona. Kwa miaka miwili ya hesabu, 2019 na 2020, wenye hisa hawakupata mgao. Kwa hesabu za 2021 walipata shilingi 3, na za 2022 shilingi 4.

Wote watatu walingoja, lakini kila mmoja alingoja kitu chake. Aliyechelewa asidhani kwamba subira ilikuwa kazi ya watangulizi tu. Na mtangulizi asimdharau aliyechelewa kana kwamba amekuja kula. Pesa za wale waliochelewa ndizo mara nyingi hupanua kazi.

WALIONGOJA NA WAKAPOTEZA: MUMIAS

Tukisimama kwenye Equity tutakuwa tumewadanganya. Hapa kwetu Magharibi tuna kidonda chetu.

Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973. Mwaka 2001 hisa zake ziliuzwa kwa wananchi kwa shilingi 6.25, na wakulima wa miwa na wafanyakazi walikuwa miongoni mwa walionunua. Mwaka 2006 Serikali iliuza sehemu nyingine kwa shilingi 49.50. Watu walisema aliyenunua 2001 ana akili, na aliyenunua 2006 hajachelewa bado.

Kufikia 2013 kampuni ilikuwa inatangaza hasara kubwa. Bei ikashuka, ikashuka, mpaka chini ya senti 50. Septemba 2019 benki iliyokuwa inadai iliiweka chini ya meneja mrasimu, na hisa zikasimamishwa sokoni. Wapo wazee wanaotunza vyeti vile hadi leo kwenye sanduku.

Wazee hao hawakukosa subira. Walikuwa nayo tele. Kilichokosekana ni macho: kuuliza miwa inatoka wapi, deni limefika wapi, hesabu zinachelewa kwa nini, faida ya mwaka huu ni ya kusaga sukari au ya makaratasi. Mfugaji mwenye mtamba humvumilia mpaka azae. Lakini miaka ikipita, ndama hakuna na majani yamekwisha, kuendelea kungoja si subira tena. Ni uzembe.

Hata lile soko dogo la kampuni changa, ambalo Soko la Hisa la Nairobi lililifungua mwaka 2013, lina somo lake. Kampuni ya kwanza kuingia ilikuwa Home Afrika, ya mambo ya ardhi na nyumba, kwa bei ya kuanzia ya shilingi 12. Miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 1. Neno "changa" halina maana kwamba lazima itakua. Miche mingine hunyauka.

PESA YA MKOPO HAINA SUBIRA

Wengi mnakumbuka mwaka 2008. Hisa bilioni 10 za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5. Watu waliuza ng'ombe, wengine wakakopa benki. Zilipoanza kuuzwa sokoni Juni 2008 bei ilipanda juu ya 7, na watu wakashangilia. Mwanzoni mwa 2009 ilikuwa imeteremka chini ya 3.

Aliyenunua kwa pesa iliyokaa bure aliweza kungoja. Mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40. Aliyenunua kwa mkopo aliuza kwa hasara ili alipe benki. Hisa ni ile ile na siku ya kununua ni ile ile. Tofauti yao ilikuwa ni pesa ya nani. Tena hata huyo aliyengoja, kama hakuuza kitu 2021, aliiona ikishuka tena chini ya 15 mwaka 2023. Bei ya soko haifuati mstari kama reli.

KOSA LETU WENYEWE

Tuseme ukweli. Kwa miaka mingi sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwa tunafika kwenye kikundi kile, tunafungua kwa sala, tunasema "vumilieni, mambo mazuri hayataki haraka", kisha tunakunywa chai na kurudi. Hatukuwafundisha kusoma hesabu. Hatukuwauliza: mtu akipata shida, atatokaje? Tulihubiri subira bila kujenga mlango. Na nyumba isiyo na mlango, hata ikiwa nzuri, watu wataivunja ukuta wapate kutoka.

Ndiyo maana siku ile, dalali mmoja aliposema yuko tayari kununua vitu vyote kwa 605,000, makofi yalipigwa. Vijana ndio waliopiga kwa nguvu zaidi.

Tuliomba ubao na chaki. Tukaandika: 605,000 gawanya kwa 550, ni 1,100 kwa hisa. Kijana atapata 11,000 kwa 20,000 alizolipa. Mama atapata 22,000, shule atalipa mwaka huu, na mwaka ujao hatakuwa na kisiagi wala mgao. Kukawa kimya. Kijana akauliza pole pole, "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayepoteza?" Ndiyo, kijana wetu. Ni wewe.

WALICHOKUBALIANA

Hawakuuza. Walikubaliana mambo manne, wakayaandika na kuweka sahihi.

1. Faida itagawanywa nusu kwa nusu kwa miaka mitatu: nusu mgao, nusu kazi. Baada ya hapo mkutano mkuu utaamua tena.

2. Kila mwaka, baada ya hesabu kusomwa, kutakuwa na siku ya kuuziana hisa. Anayetaka kuuza atasema, na wanachama wenzake ndio watakaopewa nafasi ya kwanza, kwa bei iliyotokana na hesabu.

3. Hesabu zitasomwa kila miezi mitatu kwa lugha ambayo kila mtu anaelewa, Kisamia au Kiswahili, na vitabu vitakuwa wazi kwa mwenye hisa yeyote.

4. Atakayejiunga upya ataelezwa kwanza kwamba pesa yake inaweza kukaa muda mrefu, na ataulizwa kama ni ya mkopo.

Siku hiyo hiyo mama yetu aliuza hisa 8 kati ya 20, kwa 2,200 kila moja. Alipata 17,600 na amebaki na hisa 12. Kijana aliuza 4, akapata 8,800, akapunguza deni la simu, amebaki na 6. Walionunua ni walimu wawili na mama mwenye duka. Wote bado wamo. Mama alituambia akitoka: "Mngenionyesha hii miaka mitano iliyopita, singegombana na watoto wa watu." Maneno hayo tumeyapokea.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa aliyetangulia: usidai heshima kwa miaka tu. Hisa zako zimekwisha kukulipa kwa bei. Wape wageni vitabu wavisome, maana anayeficha hesabu huzaa uvumi.

Kwa aliyechelewa: kabla ya kulipa, uliza mali ni kiasi gani, madeni ni kiasi gani, hisa ni ngapi, na bei imetoka wapi. Ukiambiwa "lipa haraka nafasi zinaisha", rudi nyumbani ukalale kwanza.

Kwa wote: usitie katika hisa karo ya muhula huu, pesa ya mbolea, wala mkopo wa simu. Na subira yenu iwe na tarehe. Semeni: tutangoja mpaka mwaka fulani, na ifikapo hapo tutaangalia kama faida imekua, kama deni limepungua, na kama wateja wanarudi. Majibu yakiwa mabaya miaka miwili mfululizo, badilisheni viongozi au kazi yenyewe kabla mali haijaisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO NA VIKUNDI

1. Je, katika kikundi chetu kila mtu anajua hisa moja leo ni shilingi ngapi? Nani alipiga hesabu hiyo?

2. Mwenzetu akipatwa na msiba au karo kesho, kuna njia ya kutoa sehemu ya mali yake bila kuvunja kikundi?

3. Tunangoja nini, na mpaka lini? Tutajuaje kwamba tumengoja vya kutosha?

Mkikwama kwenye hesabu, njoni ofisini na vitabu vyenu. Ubao na chaki sasa tunavyo.